Ramani Chini ya Sahani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimepanda ngazi ya Mama Mkwe na kopo la grisi mkononi, na mwenzangu wa zamu alikuwa ndiyo kwanza ameniuliza saa ngapi. Nikamjibu. Kabla sijafuta mkono nikasikia huko chini mvumo, kama gunia kubwa la mchanga linaburutwa sakafuni. Halafu watu wakaanza kukimbilia kona ya mashariki, na mimi nilijua kona ya mashariki kulikuwa na nani.

Kulikuwa na mke wangu.

Mama Mkwe si mtu. Ni mashine ya kuchimba, kubwa kama jengo la ghorofa nne, ina mkono wa chuma mrefu na ndoo inayoning'inia kwa kamba za waya. Anaitupa ndoo mbali, anaiburuta kuirudisha, anageuka, anamwaga kifusi upande ambao makaa ya mawe yameshatolewa. Tulimpa jina hilo kwa sababu ukipita mbele yake unainamisha kichwa, na akigeuka kila mtu anampisha. Mimi nilikuwa mtu wake wa grisi kwa miaka kumi na tisa. Shule niliishia darasa la nne. Herufi nazisoma moja moja kama mtu anayechagua mchele, na wakubwa wanalijua hilo, ndiyo maana huniletea karatasi za kutia sahihi badala ya karatasi za kusoma.

Mke wangu alikuwa mhudumu wa pampu. Maji yakijaa chini ya shimo, yeye ndiye anayeyatoa. Shimo zima lilimwita Mama Pampu, hata meneja. Alikuwa na kibanda cha bati chenye magurudumu, kiti kimoja, birika, na mpira wa kufyonzea maji. Redio ya mawasiliano hakuwa nayo. Redio yake ilikuwa ofisini tangu mwezi uliotangulia, inasubiri betri. Aliwauliza mara nne. Mara ya nne wakamwambia asiwe na haraka, betri iko njiani. Akaja nyumbani akaniambia, "Baba watoto, hiyo betri inakuja kwa magoti."

Sasa nieleze kazi ilivyopangwa, maana bila hilo hutaelewa kwa nini nilikataa kutia sahihi ripoti ya kampuni.

Dereva wa Mama Mkwe, ambaye sisi humwita Kimya kwa kuwa maneno yake ya siku nzima yanaingia kwenye kisoda, haoni chini ya shimo. Kilima cha kifusi kinamziba. Anafuata karatasi. Karatasi inatoka ofisini kwa Bibie Ramani, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, anayepanga kila kitu kwenye kompyuta: mashine isimame wapi, igeuke kiasi gani, imwage wapi, kilima kiwe na mteremko gani. Penye rangi nyekundu ndipo kifusi kinamwagwa. Doa la bluu ni pampu. Kimya hamwagi penye bluu hata umtishe kwa panga.

Karatasi mpya ikija, msimamizi anaipandisha kwenye kibanda cha dereva na kuibana kwenye kibanio, mpya juu, ya zamani chini. Halafu anaipiga ile ya zamani mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Jioni mimi naivuta ya chini, naikunja, naenda nayo nyumbani. Hiyo ilikuwa haki yangu kwa miaka yote, hakuna aliyeniuliza. Karatasi ni ngumu, nzuri, haichaniki ovyo. Mke wangu alizitandika kwenye rafu ya vyombo, upande wa rangi juu, akazikata ukingo kwa mkasi, meno meno, zikaning'inia kama lesi. Wageni waliuliza kitambaa hicho kinauzwa wapi.

Jumapili ya tarehe kumi na mbili ilinyesha. Maji yakahama, yakajaa kona ya mashariki. Msimamizi akashuka mwenyewe na buti zake, akamwambia mke wangu ahamishie kibanda huko. Kwa mdomo tu. Trekta ikakivuta. Jioni mke wangu akaniambia amehamishwa, na kwamba msimamizi amesema ofisi imeshaarifiwa, mpango utabadilishwa. Nikatosheka. Ofisi ikiarifiwa karatasi inajua, na karatasi ikijua Kimya anajua.

Baada ya kifusi kuporomoka, ripoti yao iliandika hivi. Binti yangu alinisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia amesoma vibaya. "Mhudumu wa pampu alihamisha pampu kwa hiari yake, bila ruhusa, na kujiweka mahali pa hatari." Ni hayo tu. Mambo ya redio hayamo. Mvua haimo. Msimamizi hayumo, na msimamizi mwenyewe siku ripoti inatoka alikuwa ameshahamishiwa shimo la pili, na cheo kikapanda kidogo.

Hayo bado ningeyameza. Nilichoshindwa kumeza ni getini. Kila asubuhi kabla ya zamu tunapanga mstari mbele ya ubao wa usalama, na afisa anasoma somo la wiki. Wiki hiyo na wiki iliyofuata somo lilikuwa mke wangu. Hawakutaja jina, walisema mhudumu wa pampu. Waajiriwa wapya hawakumfahamu. Mmoja, nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Huyo mama naye alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Wenzake wakacheka. Hakujua mume wake ndiye huyu mwenye shingo ya grisi aliyesimama mbele yake. Nikaangalia buti zangu. Afisa akasema ripoti ikishatiwa sahihi na familia, somo hilo litaingia kwenye kitabu cha mafunzo, litasomwa kila mwaka.

Sahihi ya familia ni mimi. Walinipa hadi Ijumaa.

Siku tatu kabla ya Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, nikavua kofia, nikaenda kwa Bibie Ramani. Sikuwahi kuingia chumba kile. Baridi ya mashine, mapazia yamefungwa mchana kweupe, kompyuta yenye vioo viwili, na juu ya meza kikombe kimejaa kalamu nyekundu. Nilizihesabu kwa macho, zilipita kumi. Miezi miwili msimamizi alikuwa hapigi mstari karatasi za zamani kwa sababu, alisema, kalamu nyekundu zimekwisha na hazijaagizwa.

Akaniambia, "Karibu, Mzee. Pole sana." Nikasema nimeshapoa, nataka kuona karatasi ya Jumatatu, ile iliyomwongoza Kimya Jumanne.

Akasita. Akauangalia mlango. Mtu anayeuangalia mlango kabla ya kujibu mimi namtia alama. Lakini akakaa, akaifungua, na shimo letu zima likatokea kwenye kioo, limechorwa kama keki iliyokatwa vipande. Akanieleza kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa. Kila kipande ni sehemu ya kuchimbwa. Programu inajaribu njia nyingi, inahesabu kila njia ndoo itaenda na kurudi mara ngapi, mashine itatembea hatua ngapi, na udongo utakaa kwa mteremko gani bila kuporomoka. Mwezi ule meneja alitaka mashine itembee kidogo iwezekanavyo, kwa hiyo alijaribu njia ishirini na tatu hadi akapata moja. Nikamuuliza programu inajuaje udongo ni mbichi baada ya mvua. Akasema inajua inachoambiwa.

"Na nani anaiambia?"

"Mimi. Nikiambiwa."

Doa la bluu lilikuwa pale, na kona ya mashariki yote nyekundu. Akasema huo ndio mpango wa Jumatatu, na ni mmoja tu. Pampu iko mahali pake pa zamani, kwa sababu ofisi haikupata habari ya kuhamishwa.

Mimi si msomi, ila shimo lile nalijua kama ninavyojua kinywa changu. Nikaweka kidole kwenye kioo. Nikamwambia, bibie, Jumapili maji yalikuwa huku, na bluu yako iko kule. Mpira wa pampu una urefu wa hatua ishirini. Toka kule hadi kwenye maji ni hatua arobaini, arobaini na mbili ukikwepa matope. Jumatatu nzima pampu ilitoa maji, na vitabu vyenu vinasema ilitoa maji, mmeandika wenyewe. Kwa mpira gani?

Nikasema, "Pampu yako hiyo ya kwenye kioo ilikuwa inafyonza vumbi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akasema kitu ambacho sikumwomba. Alisema programu haisahau. Kila mpango uliowahi kuchorwa, hata ukifutwa, unabaki kwenye daftari lake la ndani, pamoja na jina la aliyeufuta na saa. Nikamwambia basi tulifungue hilo daftari. Akasema hawezi, linafunguliwa kwa idhini ya meneja. Aliyasema hayo akitazama kalamu zake. Mpaka leo sijui alikuwa ananisaidia au ananipima.

Njiani kurudi nilikuwa nawaza neno lile, hata ukifutwa. Mbona alizungumzia kufutwa? Mimi sikuwa nimesema kitu kimefutwa.

Nikaingia nyumbani. Binti yangu, fundi cherehani, ambaye tangu msiba alikuwa amehamia kwangu na mashine yake, alikuwa sebuleni anashona. Nikapita moja kwa moja jikoni. Rafu ya vyombo haikuwa imeguswa tangu Jumatatu ile, maana mimi na binti tulikuwa na sahani moja kila mtu, tunaosha, tunarudia. Karatasi iliyotandikwa ilikuwa ile niliyomletea mke wangu Jumatatu jioni. Alikuwa ameisifu rangi zake. Alikata meno yake akiwa amekaa kwenye kigoda, ananisimulia maji ya kona yanavyonuka.

Nikatoa sahani zote. Nikainua sufuria. Chini ya sufuria, mahali penye duara la masizi, palikuwa na doa la bluu.

Lilikuwa kona ya mashariki.

Nilimwita binti yangu. Nikamwambia asome maandishi madogo ya chini, yale yaliyonusurika mkasi. Akasoma: mpango wa kazi, umebadilishwa, Jumatatu tarehe kumi na tatu, saa kumi na dakika tano alasiri. Pembeni kuna mstari mwingine: kona ya mashariki irukwe hadi maji yaishe. Kona yote ilikuwa nyeupe. Hakuna wekundu hata wa kudondosha.

"Baba," akasema, "walijua." Akaanza kulia, lakini kilio cha mtu aliyepata kitu. Akasema mama hakuwa na kosa. Akasema Ijumaa tunakwenda nayo, tunaiweka mezani, tuone watakachosema. Alikuwa tayari anatafuta mfuko wa kuitia isikunjike.

Mimi nilikuwa nimeshika ile sufuria bado. Kwa sababu binti yangu aliona kilichoandikwa kwenye karatasi, na mimi niliona karatasi ilipo. Ilikuwa jikoni kwangu. Kama ilikuwa jikoni kwangu tangu Jumatatu jioni, basi Jumanne asubuhi haikuwa kwenye kibanio cha Kimya.

Nilikaa nikarudisha siku ile nyuma, kipande kwa kipande. Zamu inakwisha saa kumi na moja. Karatasi mbili kwenye kibanio. Hakuna yenye mstari mwekundu. Mimi nimevuta ya chini, kama siku zote. Kwa hiyo safari hiyo ile mpya ndiyo ilibanwa chini. Msimamizi alikuja mbio, akaisukumiza nyuma ya ile ya zamani, akashuka. Na mimi sikuangalia. Hata ningeangalia ningeona nini? Rangi ni zile zile, vipande ni vile vile. Doa la bluu limehama kadiri ya upana wa kidole gumba.

Mke wangu alijitandikia mwenyewe ile karatasi, akaweka sufuria juu ya mahali pake.

Binti sikumwambia. Siku mbili zile alinipikia, akanipigia pasi shati, akawa ananiita Baba kwa sauti ya zamani ambayo sikuisikia tangu aolewe. Mimi nilikuwa nahesabu upande mwingine. Nikiificha karatasi, ripoti inabaki, na kila mwaka getini watamsoma mke wangu kama mjinga aliyejiua. Nikiitoa, watauliza swali moja tu, na nilijua litaulizwa na nani.

Ijumaa tulikuwa watu watano kwenye chumba cha mikutano: meneja, msimamizi aliyeletwa kutoka shimo la pili, Bibie Ramani, binti yangu na mimi. Ripoti ilikuwa imewekwa mbele yangu na kalamu juu yake. Kalamu nyekundu, walikosa nyingine. Meneja alizungumza vizuri, yule ni mtu wa kuzungumza vizuri. Alisema kampuni imempoteza mama, na kwamba kutia sahihi si kulaumu, ni kufunga ukurasa ili wengine wajifunze.

Binti yangu akaitoa karatasi mfukoni na kuitandaza juu ya ripoti yao. Meno meno yake yakaning'inia ukingoni mwa meza, na duara la masizi likaonekana vizuri.

Msimamizi aliitazama, na rangi ikamtoka usoni. Bibie Ramani hakuonekana kushangaa hata kidogo, na hilo nalo nimeliweka akilini. Meneja aliinama akaisoma yote, mpaka maandishi madogo. Alichukua muda wake. Aliponyanyua kichwa hakuangalia msimamizi wala Bibie Ramani. Aliniangalia mimi.

"Mzee," akasema, "hii umeitoa wapi?"

Ndilo lile swali. Aliliuliza taratibu, karibu kwa huruma. Msimamizi akavuta pumzi, nikaona bega lake linashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema haraka kwamba yeye karatasi aliipandisha, aliibana kwa mkono wake, alikuwa amesahau tu kulisema. Wiki tatu alikuwa amesahau. Wiki zote hizo walisema hakuna mpango mpya, hakuna kuhamishwa, sasa kumbe upo na aliupandisha.

Binti yangu alikuwa bado hajaelewa. Alikuwa ananiangalia, anangoja nijibu kwa majigambo.

Nikasema, "Jikoni kwangu. Niliivuta Jumatatu jioni, ya chini, kama kawaida. Nilidhani ni ya zamani. Haikuwa na mstari."

Nilisikia kiti cha binti yangu kikisogea. Sikugeuka. Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikasema mkono ulioiondoa kwenye kibanio ni huu, na mtauandika kwenye ripoti, na nitatia sahihi hapo. Nikaeleza kuhusu mstari mwekundu ulioacha kupigwa miezi miwili, huku kikombe cha Bibie Ramani kimejaa kalamu. Nikaeleza kuhusu betri. Nikasema mke wangu alihamishwa na huyu hapa, kwa mdomo, na ofisi ilijua, na ushahidi kwamba ilijua upo mezani umekatwa meno na yeye mwenyewe.

Meneja akasema hayo yote yatazingatiwa. Akaanza kuikunja karatasi, yangu, kuiweka kwenye faili lake. Binti yangu akaiwekea mkono. Alibonyeza kiganja juu ya ule weupe wa kona ya mashariki, na meneja akaiachia. Mimi binti hakuniangalia. Mpaka leo ananiwekea chakula mezani na kurudi kwenye cherehani yake.

Somo la getini limeondolewa "kwa muda." Kimya hapandi tena Mama Mkwe, anaosha magari, na tukikutana tunapeana mikono muda mrefu kuliko watu wa kawaida. Grisi sijaigusa tangu siku ile, na sijalalamika, hilo langu nimelibeba. Karatasi iko kwa binti, ameifungia kwenye sanduku la vitambaa.

Lakini siku ile, kabla hatujatoka, niliwauliza kitu, na nimewauliza tena kwa barua mbili alizoniandikia mwalimu mmoja jirani yangu. Mimi niliitoa karatasi kwenye kibanio. Sikuigusa kompyuta, hata kuiwasha sijui. Mpango wa Jumatatu, saa kumi na dakika tano, ulikuwemo ndani yake, na nilipoonyeshwa haukuwemo. Bibie Ramani alisema daftari la ndani linaandika jina na saa. Meneja ana idhini ya kulifungua, ni kubonyeza tu.

Mimi langu nimelisema mbele ya mtoto wangu. Je, ule mpango nani aliufuta?